Nuru Kali ya Mikondo ya Kwasa: Hoja ya Elektroni na Hoja ya Protoni

Agosti 1999, wiki chache baada ya setilaiti ya Chandra kurushwa, wataalamu wake walihitaji kitone cha nuru angani ili kurekebisha vioo vya darubini hiyo ya eksirei. Walichagua kwasa iitwayo PKS 0637-752, ambayo nuru yake husafiri takriban miaka bilioni 6 kabla ya kutufikia. Walichotaka kilikuwa kitone kitupu, kisicho na umbo. Picha ilipofika, kitone kilikuwa na mkia: mstari wa eksirei uliochomoza kutoka kwenye kwasa na kunyooka kwa zaidi ya miaka ya nuru 200,000. Darubini za redio zilikuwa zimeshauona mkondo huo. Kilichoshangaza ni jinsi ulivyong'aa kwa eksirei, kuliko hesabu yoyote ya kawaida ilivyoruhusu.

Katikati ya kila kwasa pana shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya Jua. Gesi inayolizunguka huporomoka ndani na kupata joto kali, na katika baadhi ya kwasa sehemu ya nishati hiyo hutupwa nje kwa mikondo miwili myembamba inayokimbia karibu na kasi ya nuru. Heber Curtis aliuona mkondo wa namna hiyo mwaka 1918 akiwa katika kituo cha Lick, California, ukitoka kwenye M87, wakati ambapo hata maana ya galaksi ilikuwa bado inabishaniwa. Mwaka 1963 Maarten Schmidt alitambua kwamba 3C 273, kitu kilichofanana na nyota, kiko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2. Nacho kilikuwa na mkondo wake. Tangu hapo mikondo imepigwa picha kwa redio, kwa nuru ya kawaida, kwa eksirei na kwa miale ya gama. Kadiri nishati inavyopanda ndivyo ubishi unavyokolea. Kuhusu redio wote wanaafikiana. Kuhusu eksirei na gama kuna mapokeo mawili ya kufikiri, kila moja na wahenga wake, vyombo vyake na kanuni zake za kuamua lipi ni ushahidi.

Kwa kawaida tofauti hiyo huelezwa kwa ufupi: wengine wanasema elektroni, wengine protoni. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Mapokeo haya yanatofautiana kwanza katika swali lenyewe, na hivyo kila upande huona gharama kubwa pale ambapo mwenzake haoni gharama yoyote. Ili kuyapima kwa haki, inafaa tuangalie namna kila upande ulivyokubali kuhukumiwa na vipimo ambavyo haukuvichagua.

Mapokeo ya nuru

Mapokeo ya kwanza yalikua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale wataalamu wa rada walipogeuzia antena zao angani. Walikuta mawimbi ya redio yenye nguvu isiyoweza kuelezwa kwa joto la gesi. Ufunguo ulipatikana kiwandani. Mwaka 1947, huko Schenectady, New York, watafiti wa General Electric waliona nuru ikitoka katika sinkrotroni, mashine inayozungusha elektroni kwa nguvu ya sumaku. Elektroni inayokimbia karibu na kasi ya nuru, ikilazimishwa kupinda na uga wa sumaku, hutoa nuru. Mwaka 1950 Hannes Alfvén na Nicolai Herlofson walipendekeza kwamba hayo hayo hutokea angani, na Vitaly Ginzburg na Iosif Shklovsky wakaliendeleza wazo hilo katika Umoja wa Kisovieti. Nadharia ilidai kwamba mitetemo ya nuru ya aina hiyo ijipange kuelekea upande mmoja badala ya kutawanyika ovyo. Mwaka 1956 Walter Baade aliupima mkondo wa M87 na kukuta mpangilio huo.

Ushindi huo uliwarithisha wanafunzi wa mapokeo haya imani moja: nuru ni shahidi wa kutosha. Ukiwa na spektra, yaani mgawanyo wa nuru kutoka redio hadi gama, na ukiwa na kumbukumbu ya jinsi nuru inavyopanda na kushuka, unaweza kukadiria ni chembe zipi ziko pale, ni nyingi kiasi gani na uga wa sumaku una nguvu gani. Elektroni ndiyo iliyopewa nafasi ya kwanza kwa sababu ni nyepesi. Protoni ina uzito mara 1,836 ya elektroni. Zikiwa na nishati sawa ndani ya uga mmoja, elektroni hutoa nuru ya sinkrotroni zaidi ya mara trilioni 10 ya ile ya protoni. Mwenye kutafuta mng'ao kwa bei nafuu hatafuti kwingine.

Elektroni ina njia ya pili ya kuleta nuru kali, nayo hutokana na kazi ya Arthur Compton ya mwaka 1923. Compton alionyesha kwamba fotoni ya eksirei, yaani chembe moja ya nuru hiyo, ikigonga elektroni iliyotulia hupoteza nishati. Geuza hali hiyo: elektroni iwe ndiyo inayokimbia, na fotoni iwe hafifu. Mpira ukirushwa dhidi ya lori linalokuja kwa kasi hurudi ukienda kasi kuliko ulivyokwenda. Ndivyo fotoni ya redio au ya nuru ya kawaida inavyogeuka kuwa eksirei au gama. Fotoni hafifu hazikosekani popote, kwa sababu ulimwengu wote umejaa mabaki ya mnururisho wa mwanzo wake, yale yaliyogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson mwaka 1965. Mwaka mmoja tu baadaye James Felten na Philip Morrison walikwisha kufanya hesabu ya elektroni za kasi zinazogonga fotoni hizo za kale.

Mapokeo ya chembe

Mapokeo ya pili ni ya zamani zaidi, na hayakuanza kwa kutazama nuru hata kidogo. Tarehe 7 Agosti 1912 Victor Hess alipanda kwa baluni hadi zaidi ya mita 5,000 na kukuta kwamba mnururisho huongezeka jinsi mtu anavyopaa. Kitu fulani kilikuwa kinatunyeshea kutoka nje ya dunia. Baadaye ilijulikana kwamba mionzi hiyo ya kosmiki ni chembe, nyingi zikiwa protoni. Mwaka 1962, huko Volcano Ranch, New Mexico, John Linsley alinasa mmwagiko wa chembe ulioanzishwa na chembe moja yenye nishati ya takriban elektrovolti trilioni milioni 100. Hakuna mashine ya binadamu inayokaribia hapo.

Kwa waliokulia katika mapokeo haya, swali halikuwa nuru imetoka wapi. Swali lilikuwa ni wapi ulimwenguni panapoweza kuipa protoni moja nishati kubwa namna hiyo. Mwaka 1984 Michael Hillas aliliwekea sharti jepesi: mahali hapo pawe pakubwa na uga wake wa sumaku uwe na nguvu kiasi cha kuishika chembe isitoroke kabla haijaiva. Mahali panapotimiza sharti hilo si pengi, na mikondo ya kwasa na ya galaksi za redio imo katika orodha hiyo fupi.

Kutoka hapo hoja inajijenga. Kama mkondo unaweza kuongeza kasi ya protoni, basi protoni hizo zitagonga fotoni zilizojaa ndani ya mkondo na kuzaa chembe zidumuzo kwa muda mfupi mno ziitwazo pioni. Pioni isiyo na chaji huvunjika ikawa miale ya gama. Zile zenye chaji huvunjika mpaka zikaacha chembe nyepesi mno ziitwazo nyutrino. Mwaka 1993 Karl Mannheim aliifafanua picha hiyo kwa ukamilifu: mkondo ambao gama zake ni matokeo ya protoni. Fumbo la mionzi ya kosmiki na fumbo la gama za kwasa yangefumbuliwa kwa jibu moja.

Protoni, hata hivyo, hazikuwahi kukataliwa moja kwa moja na upande wa nuru. Geoffrey Burbidge, alipokadiria katika miaka ya 1950 nishati iliyohifadhiwa katika galaksi za redio, aliziweka protoni ndani ya hesabu, hata kwa dhana kwamba zimebeba nishati mara 100 ya elektroni. Mapokeo yote mawili pia yanatumia injini ileile ya kuongeza kasi, ile ya Enrico Fermi ya mwaka 1949, iliyoboreshwa mwaka 1977 na 1978 na watu kadhaa waliofanya kazi kila mmoja kivyake, miongoni mwao Germogen Krymsky wa Yakutsk na Anthony Bell wa Uingereza: chembe huvuka na kurudi mara nyingi katika wimbi la mshtuko, ikiokota nishati kila inapovuka. Wanakubaliana kuhusu injini. Wanachobishania ni nani anayeng'aa baada ya injini kufanya kazi.

Vyombo juu ya hewa

Eksirei na gama hazipenyi anga ya dunia mpaka ardhini, kwa hiyo mabishano haya yasingekuwapo bila setilaiti. Hapa pwani ya Kenya ina nafasi yake katika historia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la Kiitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ukaribu na ikweta ulikuwa na faida ya kisayansi: setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zilizonaswa na sumaku ya dunia, ambazo huvuruga vipimo. Uhuru ilithibitisha eksirei kutoka 3C 273. Miaka miwili baadaye, kutoka jukwaa lilelile, ilirushwa SAS-2, setilaiti ya gama.

Gama za kwasa zilisubiri kidogo. Setilaiti ya Ulaya COS-B ndiyo iliyoziona kutoka 3C 273 katika miaka ya 1970. Kisha mwaka 1991 chombo cha EGRET, ndani ya setilaiti ya Compton ya Marekani, kiliielekea sehemu hiyo ya anga na kukuta kwasa nyingine, 3C 279, iking'aa mno. Nguvu iliyotoka kwa njia ya gama ilizidi ile ya mawimbi mengine yote. Kwasa nyingi za namna hiyo zikafuata, na karibu zote zilikuwa blaza, yaani zile ambazo mkondo wake unatuelekea sisi na hivyo nuru yake huongezwa makali na mwendo wake.

Spektra ya blaza ina vilima viwili. Cha kwanza, kutoka redio hadi nuru ya kawaida au eksirei, ni sinkrotroni ya elektroni, na hakuna mgogoro. Kilima cha pili, cha eksirei na gama, ndicho uwanja wa mabishano. Laura Maraschi na wenzake walisema mwaka 1992 kwamba elektroni zinazipiga fotoni zilezile zilizozitoa zenyewe. Charles Dermer na Reinhard Schlickeiser, kisha Marek Sikora, Mitchell Begelman na Martin Rees, wakaleta fotoni kutoka nje ya mkondo: zile za sahani ya gesi inayozunguka shimo jeusi na za mawingu yaliyo karibu nayo. Mannheim akasema protoni. Kwa miaka mingi kila upande uliweza kuchora mstari uliopita juu ya vipimo vilevile. Hapo ndipo imani kwamba spektra inatosha ilipoishiwa nguvu.

Gharama na wakati

Tuyalinganishe basi mapokeo haya kwa mambo mawili kabla ya kufika kwenye hukumu za vipimo.

Jambo la kwanza ni gharama ya nishati. Kwa kuwa protoni hung'aa kwa shida, lazima ziwe nyingi mno au ziwe ndani ya uga wa sumaku wenye nguvu sana. Modeli nyingi za protoni hudai mkondo ubebe nishati inayozidi kikomo cha Eddington, yaani kiwango ambacho shinikizo la nuru lingeanza kuisukuma nje gesi inayolilisha shimo jeusi. Wapenzi wa elektroni huona hapo ubadhirifu. Upande wa pili hujibu kwamba mionzi ya kosmiki yenye nishati kuu ipo, inatufikia, na lazima iwe na mahali ilipotoka. Anayepunguza gharama ya mkondo mmoja kwa kuziacha protoni nje amelihamishia deni mahali pengine.

Jambo la pili ni wakati. Usiku wa tarehe 28 Julai 2006, darubini za H.E.S.S. zilizoko nyanda za juu za Khomas, Namibia, ambazo huzitambua gama kwa mmweko zinaouacha hewani, ziliitazama blaza PKS 2155-304 na kuona gama zake zikipanda na kushuka ndani ya dakika chache. Shimo jeusi la uzito wa Jua bilioni moja ni kubwa kiasi kwamba nuru huchukua saa kadhaa kulivuka. Chanzo cha gama hizo kilikuwa basi kidogo kuliko mtambo unaokiendesha, au kilikuwa kinatukimbilia kwa kasi ya kupindukia. Setilaiti ya gama ya Fermi iliona mabadiliko ya dakika katika 3C 279 pia, mwezi Juni 2015. Elektroni hupoteza nishati haraka na huweza kufuata mwendo huo. Protoni ni nzito katika kila jambo na hazizimiki upesi. Kwa hiyo mapokeo ya elektroni yana nguvu pale panapohitajika wepesi. Lakini nayo yalilazimika kuongeza kitu ambacho wahenga wake hawakukitaja: vijimkondo ndani ya mkondo, ambako mistari ya sumaku hukatika na kuungana upya kwa ghafla.

Anguko la dhana nzuri

Kesi iliyo na mafunzo mengi zaidi inaturudisha kwa PKS 0637-752. Eksirei zake hazikutoka karibu na shimo jeusi. Zilitoka mbali, nje kabisa ya galaksi, ambako hakuna gesi wala mawingu ya kutoa fotoni za kutosha. Sinkrotroni ya elektroni zilezile za redio haikufaa, kwa sababu nuru ya kawaida ya mkondo huo ilikuwa hafifu mno: ukichora mstari kutoka redio hadi eksirei, nuru ya kawaida inaangukia chini ya mstari.

Mwaka 2000 Fabrizio Tavecchio na wenzake, na mwaka 2001 Annalisa Celotti na wenzake, walitoa jibu lililokubalika haraka. Fotoni ni zile za kale zilizojaa kote. Mkondo ukiwa bado unakimbia karibu kabisa na kasi ya nuru hata baada ya safari hiyo ndefu, na ukiwa umeelekezwa karibu moja kwa moja kwetu, elektroni zake zitaziona fotoni hizo zikiwa zimeongezwa makali, na zitazigeuza kuwa eksirei. Hesabu ilikaa sawa. Dhana haikuhitaji chembe mpya, na kwa miaka zaidi ya kumi ilitumika kueleza mikondo mingi iliyofuatia kuonwa na Chandra.

Uzuri wake mkubwa ulikuwa katika kitu ambacho wengi hawakukitilia maanani mwanzoni. Dhana hiyo haikuacha nafasi ya kukwepa. Elektroni zinazotoa redio na nuru ya kawaida zinajulikana idadi yake. Fotoni za kale zinajulikana idadi yake kila mahali ulimwenguni. Ukishachagua mwendo wa mkondo ili upate eksirei, kiasi cha gama kinachopaswa kutoka kinajipanga chenyewe. Eileen Meyer na Markos Georganopoulos walilitumia jambo hilo. Walichukua data za Fermi za nyakati ambazo kiini cha kwasa kilikuwa kimetulia, wakatafuta gama zilizotakiwa kutoka kwenye mkondo. Mwaka 2014 walitangaza kwamba katika 3C 273 hazipo. Mwaka 2015 wakaonyesha hivyo hivyo kwa PKS 0637-752 yenyewe, mkondo ulioizaa dhana hiyo.

Ushahidi mwingine ulielekea huko huko. Nuru ya mkondo wa kwasa PKS 1136-135, ilipopimwa kwa darubini ya Hubble, ilikuwa na mitetemo iliyojipanga sana. Fotoni za kale zilizogongwa na elektroni za kasi hazingeweza kubeba mpangilio huo. Aidha fotoni za kale zilikuwa na msongamano mkubwa zaidi zamani, kwa hiyo mikondo ya mbali ilipaswa kung'aa kwa eksirei kupita ya karibu kwa tofauti kubwa, na mikondo mingi haikuonyesha hivyo. Dhana haikufa kila mahali. Kwa kwasa za mbali sana, kama B3 0727+409 ambayo eksirei za mkondo wake hazina mwenzi wa redio kwa sehemu kubwa, bado ndiyo maelezo yanayofaa zaidi. Ilichopoteza ni utawala.

Ni nani aliyerithi? Hapa mapokeo mawili yanakutana tena. Upande wa elektroni unasema kuna kundi la pili la elektroni, zenye nishati ya makumi ya trilioni za elektrovolti, zinazotoa eksirei kwa sinkrotroni. Elektroni kama hizo huzimika ndani ya miaka elfu chache, pengine pungufu sana ya hapo, ilhali mkondo una urefu wa mamia ya maelfu ya miaka ya nuru. Haziwezi kuwa zimetoka kwenye shimo jeusi. Lazima zipewe nishati palepale zinapong'aa, njia nzima. Felix Aharonian, mwaka 2002, alikwisha kutoa jibu la upande wa pili: sinkrotroni ya protoni zenye nishati kuu ndani ya uga wenye nguvu. Protoni hazizimiki njiani, hivyo tatizo la umbali linaondoka. Badala yake mtu analipia uga wa sumaku ulio mkali kuliko ilivyozoeleka kudhaniwa katika sehemu hizo.

Katika shauri hilo H.E.S.S. ilileta ushahidi wa jirani mwaka 2020. Centaurus A ni galaksi ya redio iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 12, karibu vya kutosha kwa darubini za Namibia kuona kwamba gama zake zimerefuka kufuata mkondo. Maelezo yanayoshikamana ni kwamba elektroni zenye makumi ya trilioni za elektrovolti zipo katika urefu wa mkondo na zinapewa nishati huko huko. Centaurus A si kwasa, na mkondo wake ni mdogo. Lakini imeonyesha kwamba kile ambacho upande wa elektroni unakihitaji, yaani injini iliyosambaa njia nzima, kipo katika ulimwengu halisi.

Shahidi asiye nuru

Mapokeo ya chembe yalikuwa na ahadi yake iliyosubiri kutimizwa: nyutrino. Elektroni zinaweza kutoa gama za kila namna, ila hazitoi nyutrino za nishati kuu. Chombo cha kuzisubiri, IceCube, kilikamilika Desemba 2010 ndani ya kilomita moja ya ujazo ya barafu katika Ncha ya Kusini. Tarehe 22 Septemba 2017 kilinasa dalili ya nyutrino moja yenye nishati ya karibu elektrovolti trilioni 290. Mwelekeo wake uliangukia juu ya blaza TXS 0506+056, na Fermi ikaonyesha kwamba blaza hiyo ilikuwa katika kipindi cha kung'aa kupita kawaida. Darubini za MAGIC zilizoko La Palma zikaona gama kali zaidi kutoka hapohapo. Watafiti walipofungua kumbukumbu za zamani, walikuta kundi la nyutrino, zipatazo 13 zaidi ya kawaida, kutoka upande huohuo mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015.

Mapokeo ya chembe yalikuwa na haki ya kusherehekea, na sherehe ilikuwa na uchungu ndani yake. Modeli zilipotengenezwa kwa makini, protoni zilizotosha kuleta nyutrino ya 2017 hazikuweza kuachiwa kutawala gama. Gama zinazozaliwa pamoja na nyutrino huporomoka na kugeuka kuwa eksirei, na eksirei zilizopimwa zilikuwa chache mno kuruhusu protoni nyingi. Modeli nyingi ziliishia mahali pamoja: gama ni za elektroni, nyutrino ni za protoni, ndani ya mkondo mmoja. Kundi la 2014 na 2015 lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa blaza haikung'aa kwa gama wakati huo. Kisha mwaka 2022 IceCube ikatangaza nyutrino 79 kutoka galaksi ya NGC 1068, ambayo gama zake ni hafifu na ambayo haitegemei mkondo mkali unaotuelekea. Nyutrino zilikuwa zinatoka karibu na shimo jeusi lililofunikwa na gesi. Shahidi aliyesubiriwa aje kuisemea mikondo alikuja na habari za mahali pengine pia.

Hatua ya karibuni imetoka kwa chombo kinachopima mpangilio wa mitetemo ya eksirei, IXPE, kilichorushwa Desemba 2021. Katika blaza Markarian 501 kilipima mpangilio wa takriban asilimia 10, zaidi ya ule wa nuru ya kawaida, ukielekea sambamba na mkondo: dalili ya elektroni zinazopewa nishati katika wimbi la mshtuko na kuzipoteza kadiri zinavyoliacha. Kipimo cha BL Lacertae mwezi Novemba 2023 kilikuwa na uzito zaidi kwa shauri letu, kwa sababu eksirei zake ni za kilima cha pili. Kama zingekuwa za sinkrotroni ya protoni, mitetemo yake ingejipanga kwa kiwango kinachokaribiana na cha nuru ya kawaida. Nuru ya kawaida ilifika asilimia 47.5. Eksirei hazikuvuka asilimia 7.6. Kwa blaza hiyo, na kwa kipindi hicho, elektroni zilishinda.

Hukumu

Matokeo hayo yakiwekwa pamoja, mshindi wa swali la nuru anaonekana: sehemu kubwa ya eksirei na gama za mikondo inaelezeka kwa elektroni, iwe kwa sinkrotroni au kwa kugonga fotoni. Lakini mapokeo ya elektroni yamefika hapo yakiwa yamebadilika. Yalianza na imani kwamba kundi moja la elektroni, mahali pamoja, linatosha kueleza spektra nzima. Sasa yanadai makundi mawili, injini njia nzima, na vijimkondo ndani ya mkondo. Mapokeo ya chembe yamepoteza madai ya kutawala gama, na yamepata haki ambayo hayakuwa nayo kabla ya 2017: ni vigumu leo kuandika maelezo kamili ya mkondo wa blaza bila kuzipa protoni nafasi. Na swali la Hess na Linsley, la wapi protoni zinapatia nishati zake, halijajibiwa kwa mng'ao wa mikondo. Linahitaji kipimo chake lenyewe.

Kati ya dhana zote zilizopita hapa, ninayoiheshimu zaidi ni iliyoshindwa: ile ya fotoni za kale. Modeli za protoni za miaka ya 1990 na modeli za elektroni za wakati uleule zilidumu kwa sababu kila moja ilikuwa na vitu vingi vya kurekebisha kila kipimo kipya kilipofika. Dhana ya fotoni za kale ilidumu miaka kumi na kidogo, ikaanguka, na anguko lake likatufundisha kuhusu mikondo kuliko miongo ya kurekebisha mistari: kwamba injini iko mbali na shimo jeusi, kwenye umbali wa mamia ya maelfu ya miaka ya nuru, nayo bado inafanya kazi. Hakuna kati ya mapokeo haya mawili lililoanza na wazo hilo.

Darubini mpya za CTAO zinazojengwa La Palma na Paranal, Chile, zitaongeza ukali wa macho yetu kwa gama. Bila shaka zitaleta spektra bora, na kila upande utapata mstari wa kuipitia. Mwenye kudai protoni aseme mapema ni nyutrino ngapi zitakuja na eksirei kiasi gani zitaandamana nazo. Mwenye kudai elektroni aseme ni nini kinachozipa nishati upya kila zinapozimika, na mitetemo ya eksirei zake itaelekea wapi. Asiyeweza kutaja kipimo kitakachomshinda hajatoa maelezo bado. Amechagua upande tu.